Bugali ya Mushitakiwa

Jenereta ilikuwa imezimika mara ya tatu, na saa nne ya asubui ilikuwa haijafika. Watu waliokuja kufotokopia karatasi zao kwa duka la barabara kubwa ya Butembo walijaa mpaka inje. Walibanana chini ya kipande cha bati kwa ajili ya mvua, na pikipiki zilipita zikiwarushia matope. Ulikuwa mwezi wa tano, mwaka elfu mbili, na waasi ndio waliotawala inchi yetu yote ya Beni na Butembo.

Kaswera alikuwa wa pili kwa mustari. Alivaa kikwembe cha bluu chenye majani ya njano na blauzi nyeupe yenye mikono mifupi, na kichwani alifunga kitambaa cheusi chembamba. Kitambaa kile alikuwa hajakitosha tangu miezi sita, lakini hakuna mutu aliyemuuliza juu yake. Katika miaka ile kila nyumba ilikuwa na cheusi chake.

"Mama, unipitishe kidogo mbele. Niko na karatasi moya tu, na pick-up ya Beni inaniacha."

Kaswera hakugeuka. "Siko mama yako. Na mustari ni moya."

"Basi, dada."

"Hata dada hapana."

"Alors, nikuite je?"

"Uniite mutu wa pili. Weye uko wa kumi na moya."

Watu wakacheka. Ndipo Kaswera akageuka, na akamwona kijana murefu aliyevaa shimizi nyeupe yenye mikunjo ya pasi iliyonyooka kama kisu. Sapato zake nyeusi zilingaa, na kila moja alikuwa ameifunga ndani ya mufuko wa plastiki mpaka kwenye kifundo cha muguu, zisiguse matope. Kaswera aliziba kinywa chake na mukono, lakini kicheko kilikuwa kimekwisha kutoka.

"Cheka tu," akasema yule kijana. "Nyuma ya miaka kumi sapato yako itakuwa imeoza, yangu itaenda ku arusi."

"Arusi ya nani?"

"Bado haijajulikana. Niko natafuta."

Kaswera akamunyanganya karatasi yake aiweke juu ya ile ya kwake. Alisoma mistari miwili, sababu alishindwa kushika karatasi bila kuisoma. "Hapa kunakosa tarehe," akasema.

"Wapi?"

"Hapa. Jaji atairudisha. Utapanda tena na pick-up mpaka Butembo juu ya tarehe."

Kijana akatosha bic kwa mufuko wa shimizi na kuandika tarehe juu ya mugongo wa mutu aliyekuwa mbele yao. "Weye ni nani, mama wangu?"

"Kaswera. Niko stagiaire, najifunza kazi ya utetezi kwa Maître Ésaïe."

"Mimi ni Melchior. Greffier, mwenye kuandika dosie na wafungwa, kule Beni."

"Aa! Ninyi njo munafichaka dosie zetu."

"Leo nimekuletea moya na mukono yangu," akasema Melchior, na macho yake yakabaki juu yake hata jenereta ilipoanza tena kunguruma.

Wakati ule simu za mukononi zilikuwa za wakubwa wa biashara. Sisi wengine tulikuwa na foni, ile redio ya kuongelea toka muji mumoja mpaka mwingine. Ya Papa Malachie ilikuwa nyuma ya soko. Uliketi kwa benchi pamoja na wengine ukangoja zamu yako, na maneno yako yote waliyasikia, yawe ya kifo, ya mbuzi ao ya mapendo. Kila neno ulilifunga na À vous, kumupa mwenzako zamu, na mazungumzo yote ukayafunga na Terminé.

"Kaswera, Kaswera, unanipata? À vous."

"Ninakupata. Punguza sauti, batu beko hapa. À vous."

"Bangapi? À vous."

"Saba. Na Papa Malachie, munane. À vous."

"Wavukire, ninyi bote! À vous."

Benchi nzima ikaitika salamu ile ya Kinande. Mama mumoja mwenye kubeba kuku akapaza sauti: "Mwambie akuoe, tupate kupumzika!"

"Nimemusikia ule mama," redio ikakoroma. "Mwambie niko nakusanya mbuzi kumi ya mahari. À vous."

"Kwanza acha pombe ya kasiksi, ndipo ukusanye mbuzi. Kwetu baprotestanti hatuoleweke na batu ya kasiksi. À vous."

"Chérie, mimi ni mukatolika, na Padri yetu mwenyewe anaonja. À vous."

"Terminé!" akasema Kaswera, na Papa Malachie akacheka mpaka miwani ikamuanguka.

Kila Siku ya Posho, ndiyo Jumamosi, Melchior alipanda toka joto la Beni mpaka baridi ya Butembo. Walikula avoka na mukate chini ya ukuta wa kanisa. Siku nyingine yeye alituma barua, na kila moja aliisaini kwa M yenye mukia murefu kama wa mujusi. Moja ya zile barua ilikuwa na ramani aliyoichora mwenyewe na bic nyekundu, ili Kaswera asipotee siku ya kwenda kwao. Toka parking, pita bariere ya kwanza ya basoda, pale kunako bunduki kubwa. Kata kushoto pa bariere ya pili. Hesabu nyumba ine, utaona shamba ya kahawa ya mama. Pembeni aliandika: Mama anasema atakupikia samaki ya Kyavinyonge.

Hakuna mumoja kati yao aliyezungumza juu ya wafu wake. Mutu alijifunza kufunga kinywa. Na kwetu mutoto habebi jina la baba yake, basi Melchior alisema "Kaswera" mara elfu bila kujua aliita mutoto wa nani.

Alikuwa mutoto wa Josaphat Maliro, muuza vikwembe. Katika mwezi wa kumi, mwaka elfu moja mia kenda makumi kenda na kenda, mutu mwenye wivu aliandika barua ya mistari ine, kwamba Josaphat analisha Maï-Maï, wapiganaji wa pori waliopinga waasi. Ilitosha. Basoda wakamushusha Beni, na hakuonekana tena. Muke wake, Mama Bénite, aliuliza na kuuliza kwa dirisha la ofisi ya wafungwa, wakamuelekeza mbali bure. Mwili haukuonekana, kaburi halikuonekana, basi kilio hakingeweza kutoshwa, ile siku ya kumaliza matanga. Miezi ilipita na mama yule aliendelea kulala chini kwa mukeka, bila kunyoa nywele, bila kubadilisha kikwembe, sababu mutu hawezi kumaliza kulilia yule ambaye hajalazwa.

Ndiyo sababu Kaswera, aliyemaliza chuo mwaka ule, alishikamana na kazi ya sheria. Wenzake wa chuo walitaka kuitwa maître. Yeye alitaka jina moja tu, la yule aliyeshika bic siku ya mwisho ya baba yake. Kila asubui aliomba mambo mawili: Mungu alinde mama yake, na Mungu amuonyeshe ule mukono. Hakuomba zaidi. Yale mengine alifikiri atayafanya mwenyewe.

Maître Ésaïe alikuwa mutetezi muzee, mwenye kioo kimoja cha miwani kilichopasuka, na kwa ofisi yake kulikuwa desturi ambayo wanafunzi wote waliicheka. Kabla ya kuandika mashitaka juu ya mutu, stagiaire alipashwa kwenda kula kwake. Mara ya kwanza Kaswera alikuwa ameandika kurasa sita za moto juu ya mujane aliyesogeza mupaka wa shamba. Muzee akamurudisha mulangoni. "Umekula kwake?"

"Maître, ni adui ya client wetu!"

"Sheria, utaisoma mu kitabu. Mutu, utamusoma tu kwa chungu yake. Enda."

Kaswera alikula maharagwe ya yule mujane, na akarudi akafuta kurasa ine.

"Basi munataka nizime hasira yangu, maître?"

"Nani alikuambia vile? Mutetezi mwenye hana hasira atasaini kila kitu yenye bamuletee. Ikuwe nayo. Lakini iende na miguu mpaka mu nyumba ya mutu, ikae chini, ikule. Kama nyuma ya kula iko ingali hasira, utaandika nayo."

Katika mwezi wa pili, mwaka elfu mbili na moja, muzee akamutuma Beni kunakili mustari mumoja katika kitabu cha wafungwa, kwa kesi ya mutu mwingine. Melchior alikuwa ametumwa kwa jaji siku ile. Mulinzi mumoja akamupa kitabu. Joto lilikuwa kali, na nzi walitembea juu ya kurasa. Kaswera alifungua, akapitisha kidole, na kidole kikasimama.

Maliro Josaphat. Tarehe kumi na ine, mwezi wa kumi na moja, 1999. Libéré.

Ameachiliwa! Aliisoma tena. Ameachiliwa kwenda wapi? Na chini yake, M yenye mukia wa mujusi.

Hakulia. Alimaliza kunakili ule mustari mwingine, akarudisha kitabu, akashukuru mulinzi. Ndani ya pick-up, alipoketi juu ya magunia ya kahawa, alijipanguza midomo na kitambaa mara nyingi. Alijipanguza kila pahali Melchior alikuwa amembusu.

Siku tatu foni ilimuita. Siku tatu Papa Malachie alituma mutu kusema: "Beni inakutafuta." Hakuenda. Aliketi kwa meza ya ofisi akaandika. Ilikuwa barua ya mistari ine, kwa Kifaransa safi, kwa Commandant wa Beni: greffier Melchior anachora pahali pa majeshi na kuwatumia adui. Nyuma yake alibana ushuhuda kwa kipini, ile ramani ya bic nyekundu, pamoja na bariere mbili na bunduki kubwa. Pembe yenye maneno ya samaki aliikata kwa makasi.

Alijua mambo yatakavyoenda. Siku moja tu. Bila hukumu. Na greffier mwingine ataandika libéré. Wazo hilo lilikuwa tamu kinywani kama muwa, na hakuona haya juu ya utamu wake.

Ilikosa kitu kimoja tu, muhuri wa ofisi, sababu barua yenye muhuri haitupwe. Akaiweka mbele ya Maître Ésaïe. Muzee alisoma kwa kioo kizima. Alisoma tena. Akaipanga barua sawasawa juu ya meza.

"Umekula kwake?"

"Nimekula naye miezi kenda, maître! Avoka, mukate, maneno yake yote!"

"Ulikula na muchumba. Na mushitakiwa, bado." Akatosha muhuri kwa mutoto wa meza na kuuweka juu, kati yao wawili. "Sitaufungia. Ukirudi, utaukuta hapa. Mais, desturi ni desturi. Enda ukule."

"Na kama nikikula na ningali nataka?"

"Basi utapiga muhuri na mukono yako, hapana yangu. Na mimi nitajua nilifundisha nani."

Kaswera alivaa kikwembe kile cha bluu. Barua aliificha kifuani. Ramani aliibandua na kuibeba mukononi, maana hakujua njia nyingine. Bariere ya kwanza, bunduki kubwa. Bariere ya pili, kushoto. Nyumba ine. Kahawa.

"Umefuata ramani yangu!" Melchior alitoka mbio na sapato bila kufungwa. "Mama! Mama, amekuja! Chérie, siku tatu niko nalia mu foni kama mwenda wazimu. Papa Malachie alisema uko mugonjwa."

"Niliugua," akasema Kaswera. "Nimekuja kula."

Mama Régine, mama yake Melchior, alikuwa mujane mwembamba mwenye rozari shingoni. Alileta bugali yenye moshi, sombe ya majani ya mihogo, na samaki muzima wa ziwa. "Karibu, binti yangu. Alinisumbua sana juu yako. Kula, uko mwembamba."

Kaswera akamega. Tonge la kwanza lilipita kama jiwe. Akamega la pili. Melchior alimuchagulia nyama ya shavu la samaki, ile laini, akaiweka upande wake wa sahani, kama alivyofanya sikuzote.

"Melchior. Josaphat Maliro ni nani?"

Mukono wake ukasimama kati ya sahani na kinywa. Mama Régine akaweka kopo la maji chini.

"Ile jina, uliipata wapi?"

"Mu kitabu yako. Libéré. Na saini yako, ile mukia, niko nayo ku barua makumi mbili."

"Ni mutu wa nani kwako?"

"Ni baba yangu mwenye alinizala."

Kuku walidonoa-donoa mulangoni. Melchior alirudisha tonge katika sahani polepole.

"Balikuja na bunduki," akasema. "Balilaza bunduki juu ya kitabu. Balisema, andika libéré."

"Na alikuwa wapi?"

"Kaswera..."

"Wakati weye unasaini, baba yangu alikuwa wapi?"

"Pale mulangoni. Alikuwa muzima." Akapanguza mikono kwa suruali. "Aliniambia: kijana, uandike muzuri jina yangu. Njo niliiandika muzuri. Nyuma ya pale bakamupeleka nyuma ya nyumba, na nikasikia."

"Na mama yangu? Alifika ku dirisha yako mara tatu."

"Mara ine. Nilimwambia aliachiliwa. Nilimwambia aende amutafute Kasindi, kule ku mupaka."

"Alienda! Na miguu, Melchior! Siku sita, na mvua! Alirudi miguu imevimba kama ya mutu amekufa. Na weye ulikuwa unaniita chérie!"

"Sikujua uko mutoto yake."

"Na kama ningekuwa mutoto ya mwingine, ingekuwa muzuri?"

Mama Régine ndiye aliyesimama. "Binti, baba yako iko hapa."

"Wapi?"

"Nyuma, mu kahawa yangu. Balimutupa ku barabara, siku mbili hakuna mutu anasubutu kumugusa. Huyu mutoto yangu akamubeba ku pusu-pusu, ile gari ya kusukuma na mukono, akamufunika na majani ya ndizi. Alinikataza nisiulize jina. Kila Siku ya Posho ninafagia pale mbele aende kwako. Mimi pia nilifunga kinywa. Mungu aniangalie."

Kaswera akaingiza mukono kifuani, akatosha barua na kuitupa juu ya samaki pamoja na ramani. "Soma. Na sauti."

Melchior alisoma. Alisoma kifo chake mwenyewe mustari kwa mustari, na alipofika mwisho aliinua karatasi, akaona chini yake ramani yake. Akapitisha kidole pale makasi yalipokata pembe. Kiisha akasema kwa sauti ndogo: "Hapa kunakosa tarehe."

Kicheko kilimupanda Kaswera kifuani, kile kile cha kwa duka la fotokopi, na alimuchukia Melchior kwa kuwa aliweza kukiita hata sasa. Melchior alitosha bic toka mufuko wa shimizi na kuiweka mbele yake. "Andika. Uko na haki. Sitakimbia."

Aliiangalia bic ile. Ilikuwa ndiyo yenyewe iliyoandika libéré, pengine. Alifikiri juu ya dirisha, juu ya mutu mwingine atakayeandika libéré, na juu ya huyu mama mwenye rozari ambaye naye ataambiwa aende Kasindi.

"Hapana," akasema. "Ile azabu ni ndogo. Ungemaliza kwa siku moya, na mimi ningebaki. Nataka ile yenye itadumu. Kwanza nionyeshe baba yangu. Kiisha utachukua ile bic na kuandika yote: nani alileta bunduki, nani alipiga, siku gani, saa gani. Majina. Utasaini na ile mukia yako. Na Siku ya Mungu yenye inakuja utakuwa mbele ya mama yangu, utakaa ku udongo, na utamwambia na kinywa yako."

"Commandant akijua, ataniua."

"Ninajua," akasema Kaswera. "Sasa weye pia unajua baba yangu alisikia woga gani pale mulangoni."

Melchior akamupeleka kwa kahawa, na waliporudi akavuta karatasi na kuanza kuandika. Waliondoa sahani bila kumaliza.

Siku ya Mungu, ndiyo Jumapili, kule Butembo, Mama Bénite alimusikiliza toka mwanzo mpaka mwisho. Kiisha alinyoosha miguu yake mbele ya yule kijana aliyeketi chini. Kucha mbili zilikuwa hazijaota tena. "Angalia."

Melchior akainamisha kichwa.

"Nimesema angalia! Hapana udongo. Hii miguu." Alimwacha aangalie muda murefu. "Kaswera, lete maji. Sasa uzioshe, weye mwenye ulizituma Kasindi."

Aliziosha. Machozi yake yaliingia katika beseni, na mama hakumwambia anyamaze.

Kaswera alipeleka dosie kwa ofisi, kurasa tano za mukono wa Melchior. Muhuri ulikuwa pale pale juu ya meza. Maître Ésaïe alisoma yote.

"Hii iko na hasira, binti."

"Ndiyo, maître. Nilikula, na iko ingali."

"Piga muhuri."

Akapiga kwa nguvu mpaka wino ukaruka. Dosie ikashonwa ndani ya godoro la muzee kungoja jaji asiyeogopa. Ile barua ya mistari ine Kaswera aliichoma mwenyewe jikoni. Ramani hakuichoma.

Ni ramani ile iliyompeleka Mama Bénite mpaka kwa kahawa. Wajane wawili walifagia pamoja, mumoja na nyimbo zake za kiprotestanti, mwingine na rozari yake. Wakamuita Josaphat kwa jina lake, vizuri, kama alivyoomba. Mama Bénite akanyolewa nywele, na kilio kikatoshwa. Kaswera akafungua kitambaa cheusi, akakizika chini ya muti wa kahawa.

Melchior hakuwapo. Alikuwa ameacha kazi na kupanda Mutwanga, chini ya mulima Rwenzori, kulima kakao pahali ambapo Commandant hakumujua. Kaswera alikuwa amekataa kumuaga. Muda wa miezi munane foni ya Mutwanga ilimuita kila Siku ya Posho, na kila Siku ya Posho aliwaambia waseme hayuko.

Siku moja, alipotoka kushinda kesi ya mujane mumoja, alipita nyuma ya soko, akaketi kwa benchi na kungoja zamu yake.

"Mutwanga, Mutwanga. À vous."

Redio ilikoroma. "Kaswera? Ni weye? À vous."

"Ni mimi. Sikiliza muzuri. Ningali nakukasirikia. À vous."

"Nimesikia. À vous."

"Siku ile jaji atafika, utashuka na utasema yote mbele yake. Hata ukikuwa na mvi. À vous."

"Nitashuka. Hata na miguu. À vous."

Kaswera akafunga macho. Benchi ilikuwa imejaa, na hakuna aliyecheka, sababu muji wote ulijua habari yao.

"Mama yangu anauliza," akasema, "anauliza ulikusanya mbuzi ngapi. À vous."

Papa Malachie akainamia kifaa, akagusa kifungo, akafikiri njia imekatika. Kiisha ikatoka sauti ya mutu anayelia bila kuficha.

"Kenda," ikasema. "Ya kumi ingali mu tumbo ya mama yake. À vous."

Mama mumoja kwa mwisho wa benchi akapiga kigelegele. Kaswera alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Palibaki neno moja la kufunga mazungumzo, na watu wote walilingoja, lakini siku ile hakulisema.